Zawadi za kutangaza biashara: mwongozo kamili wa kuchagua kitu ambacho mteja hatakitupa

Mwezi wa kumi na moja ukiingia, kaunta yetu ya uchapaji hapa Kisumu hujaa watu wenye swali moja: "Kalamu mia tano ni pesa ngapi?" Bei kwanza. Hakuna anayeanza kwa kueleza anauza nini wala anamuuzia nani. Miaka ya mwanzo nilikuwa nataja bei, napokea arubuni, nachapa. Siku hizi nauliza langu kwanza: hiyo kalamu ikitoka mkononi mwako, itaenda kukaa wapi?

Wengi hunyamaza hapo. Zawadi ya biashara ni tangazo linalohitaji mahali pa kuishi: ukutani, mfukoni, kichwani, kwenye kamba ya nguo. Kama huwezi kupataja mahali hapo, usichape bado.

Hatua ya kwanza: mtafute anayechagua duka

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kondele alikuja akitaka tisheti.

"Nyeupe, kijana wangu. Mia na hamsini."

"Za nani, mzee?"

"Za wateja. Wale wanaojenga."

"Mtu anayejenga akija kununua mabati, huja na nani?"

"Na fundi."

"Na nani husema twende duka gani?"

Mzee alinitazama, kisha akacheka peke yake. Tukavuta karatasi, tukaanza kuhesabu mafundi anaowajua kwa sura: wajenzi, waezekaji, maseremala, wa mabomba. Wakafika kama 80. Zile tisheti 150 zikageuka tepu 80 za kupimia za mita 5, jina la duka likiwa ubavuni, na penseli bapa za seremala.

Karibu kila biashara ina fundi wake, yaani mtu asiyelipa lakini anayeelekeza pesa ziende wapi. Anayeuza nywele za kusukia ana wasusi. Anayeuza jumla ana wenye vioski. Mwenye vipuri vya pikipiki ana makanika wa stejini. Mwenye agroveti kule Luanda au Chwele atakuta mara nyingi kwamba aliyekuja na pesa ametumwa, na aliyemtuma yuko nyumbani na ndiye anayejua dawa ya kuku imekwisha. Andika kundi hilo kwa idadi halisi ya watu. Usiandike "wateja wote". Andika 80, au 35, au 120. Idadi hiyo ndiyo itakayoamua bajeti.

Hatua ya pili: gawanya bei kwa siku

Tuseme kalamu iliyochapwa inakugharimu shilingi 25, na inadumu wiki tatu kabla ya kuazimwa isirudi. Hiyo ni zaidi ya shilingi moja kwa kila siku ya tangazo. Tuseme kalenda ya ukutani ni shilingi 120. Ikining'inia siku 365, ni kama senti 33 kwa siku, na humsemesha kila anayeingia kwenye kile kioski. Tepu ya shilingi 250 ikikaa kwa fundi miaka miwili ni senti 34. Bei hizi ni za mfano, weka zako. Hesabu yenyewe ndiyo muhimu, kwa sababu inaonyesha kwamba kitu cha bei ya chini mara nyingi ndicho ghali.

Kisha piga gharama nzima. Bei ya kitu kitupu ni mwanzo tu. Kuna fremu za kuchapia, kila rangi na yake. Kuna uchapaji wenyewe. Kuna VAT ya asilimia 16, na uulize mapema kama imo kwenye bei uliyotajiwa au itazuka siku ya kulipa. Kuna nauli ya mzigo wa basi kama vitu vinatoka Nairobi. Ongeza pia vipande 5 kwa kila 100 kwa ajili ya vitakavyoharibika na vile ambavyo jamaa zako wataomba. Wataomba.

Jihadhari na bei ya wingi. Ni kweli kipande hushuka bei ukitoka 100 kwenda 500, na sisi wachapaji tunapenda kukuonyesha jedwali hilo. Lakini nimeona maboksi ya kalamu yamekaa stoo hadi wino ukakauka. Kama watu wako ni 120, agiza 130.

Hatua ya tatu: chagua kitu kwa kutazama maisha ya mtu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Tuanze na tisheti, kwa kuwa kila mtu huanzia hapo. Iinue mbele ya mwanga wa mlango, tia mkono ndani. Ukiweza kuhesabu vidole vyako kupitia kitambaa, hiyo itavaliwa siku ya sherehe, kisha iwe kitambaa cha kupangusia pikipiki. Uliza uzito: gramu 140 au 150 kwa mita mraba ni nyepesi, 180 ni ya kuvaliwa mwaka mzima, na polo nzuri huanzia kama 200. Vuta shingo kwa vidole viwili, uiachie. Isiporudi ikiwa mpya, baada ya kufuliwa mara tatu itakuwa imelegea kama mdomo wa gunia. Uliza pia ni pamba au poliesta, na usiridhike na jibu la "ni mchanganyiko" bila kuambiwa kiasi, maana njia ya kuchapa inategemea hilo.

Kumbuka na hali ya hewa ya unakouza. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, na mchana wa Januari hakuna anayetaka kitu kizito mwilini. Nakuru iko karibu mita 1,850, na ukipanda Molo asubuhi, kofia ya sufu au sweta yenye jina lako itapendwa kuliko tisheti kumi. Nimewahi kuona kampuni ikiwaletea mawakala wake wa Kisumu jaketi nene za manyoya. Zilikuwa nzuri kweli. Zilikwenda vijijini kwa wazee wakati wa baridi ya Julai, na mjini hakuna aliyeziona tena.

Rangi nayo ina siasa, na huku kwetu ina mpira pia. Chungwa ni ya ODM, manjano ni ya UDA. Ukichapa tisheti za rangi hizo karibu na uchaguzi wa Agosti 2027, duka lako litapewa chama bila kuomba. Miezi hiyo mashine nazo huwa zimejaa kazi za wanasiasa, kwa hiyo agiza mapema au subiri ipite. Kijani Kisumu ni Gor Mahia, nayo inaweza kukusaidia. Ukienda Kakamega, watu wa Ingwe, yaani AFC Leopards, wana bluu na nyeupe yao. Hutashindwa biashara kwa sababu ya rangi, lakini tisheti inaweza kukosa mvaaji.

Kwa watu wa boda, koti la riflekta halina mpinzani. Sheria ya trafiki inamtaka mwendeshaji avae helmeti na koti lenye kiakisi, kwa hiyo atalivaa kazini kila siku, barabarani, mgongo ukitazamwa na kila gari lililo nyuma yake. Hakuna bango la bei hiyo. Sharti moja: usichape juu ya ile mistari ya fedha. Hapo umemharibia kiakisi, na usiku ndio anakihitaji. Chapa katikati ya mgongo, herufi kubwa, jina na namba ya simu. Basi.

Leso ni habari nyingine. Mama akipewa leso nzuri, ataivaa shambani, ataibebea mtoto, ataenda nayo chamani na matangani. Lakini ni hodari wa kuchagua. Leso ina pindo, ina mji, ina jina, na lile jina ndilo linalosomwa kwanza. Ukiweka pale "Nunua kwetu kwa bei nafuu", itaishia kuwa pazia la bafu. Weka maneno ambayo yeye mwenyewe angependa kuyasema mbele za watu, kama "Mgeni njoo mwenyeji apone", na biashara yako ikae ndogo pembeni. Shida ni kwamba kiwanda hakiwashi mashine kwa leso 50. Kama huna idadi, nunua leso zilizo tayari, ushone kitambulisho kidogo chenye jina lako kwenye pindo. Hupendeza kuliko unavyodhani.

Kalenda ya karatasi moja bado inatawala kuta za Magharibi mwa Kenya. Watu huisubiri. Ifanye kubwa, tarehe zisomeke kutoka mlangoni, na uache nafasi ya mtu kuandika siku ng'ombe alipopandwa au siku ya zamu ya chama. Kagua sikukuu moja baada ya nyingine. Wabunifu hutumia violezo vya zamani, na Oktoba 10 ndiyo huwaumbua: ilikuwa Moi Dei, ikaja kuwa Utamaduni Dei, na tangu 2024 ni Mazingira Dei. Kalenda ichapwe Oktoba, igawiwe Novemba. Ikifika kwa mteja Januari 10, ukuta umeshachukuliwa.

Vilivyobaki nitavipitia haraka. Mwavuli ni mzuri kwa mvua za Machi hadi Mei, ila upepo wa alasiri kutoka ziwani huvunja zile mbavu nyembamba za chuma. Tafuta zenye mbavu za faibaglasi. Kikombe kinafaa ofisini, si kwa mtu wa shambani. Chupa ya maji ya chuma hudumu. Beseni na ndoo huonekana duni kwa watu wa ofisi za utangazaji, ila ukigawa mabeseni soko la Kibuye siku ya Jumapili utajua nani alikuwa sahihi. Fleshi za kompyuta, achana nazo.

Kuhusu mifuko, kuwa makini. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017, na adhabu iliyotangazwa ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Chagua turubai la pamba au jute. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga na maeneo mengine ya hifadhi. Kwa hiyo ukiandaa siku ya wafanyakazi ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru, zile chupa ndogo za maji zenye nembo yako ziondoe kwenye mpango.

Hatua ya nne: linganisha kitu na njia ya kuchapa

Mteja hahitaji kuwa mchapaji, lakini ajue kinachomfaa ili asidanganywe.

Uchapaji wa skrini hupitisha wino kwenye fremu ya kitambaa laini, kila rangi fremu yake. Kuandaa fremu kuna gharama ileile kwa kipande 1 au 1,000, ndiyo maana tisheti 10 za rangi nne huja na bei ya kushangaza. Kwa vipande 50 na kuendelea, rangi moja au mbili, hakuna kinachoishinda kwa uimara.

Sablimesheni hugeuza wino kuwa mvuke kwa joto la karibu nyuzi 200, ukaingia ndani ya poliesta. Ukipitisha mkono husikii kitu, wala hautoki kwa kufuliwa. Haushiki kwenye pamba, na haina rangi nyeupe, kwa hiyo kitambaa kiwe cheupe au cha rangi hafifu. Vikombe vya picha huchapwa hivyohivyo, vikiwa vimepakwa utando maalumu. DTF huchapwa kwenye filamu yenye gundi ya unga, kisha ikapigwa pasi ya mashine. Inafaa kwa vipande vichache na nembo ya rangi nyingi. Mwambie anayepokea afue tisheti ikiwa nje-ndani na asipige pasi juu ya chapa.

Kofia na polo, tarizi. Inagharimu zaidi na inaonekana kuwa inagharimu zaidi. Ila herufi zikiwa chini ya milimita 5 kwa kimo, uzi huzimeza na jina linageuka kuwa kiwavi. Chuma na mbao, leza.

Hatua ya tano: maneno machache, faili safi

Jina la biashara, unachouza, namba moja ya simu, mahali. Namba ya till ya M-Pesa iweke kwenye kalenda ya mwaka mmoja ukitaka, lakini kwenye tepu au mwavuli fikiria mara mbili. Till hubadilika, na kitu cha miaka mitatu kitabaki kikiwaelekeza watu kwenye namba iliyokufa. Lugha nayo ni ya mpokeaji. "Erokamano" (asante kwa Kijaluo) kwenye leso ya Kisumu au "Mulembe" (salamu ya Kiluhya) kwenye kofia ya Kakamega humfanya mtu atabasamu kabla hajasoma jina lako.

Nembo usitume kwa picha ya WhatsApp. Programu ile huibana picha, na tukiikuza hadi ukubwa wa mgongo inakuwa vumbi. Mwombe aliyekubunia nembo faili ya vekta, isiyoharibika ikikuzwa, ya PDF, AI au SVG, uihifadhi kwenye barua pepe yako mwenyewe. Kama alishapotea, gharama ya kuichora upya ni ndogo kuliko ya kuchapa vitu visivyosomeka. Na kama rangi yako ni ya pekee, taja namba yake ya Pantone, orodha ya rangi wanayoitumia wachapaji, maana "nyekundu ya kawaida" kwangu si nyekundu yako.

Hatua ya sita: sampuli mkononi

Hapa nina deni la kukiri. Mwaka fulani niliwachapia kina mama wa chama kimoja aproni 60 za kazi ya upishi. Sampuli niliitazama usiku kwenye simu, nikaona iko sawa, mwenyekiti naye akajibu "sawa". Aproni zilipokuwa zimekwisha na zimekunjwa, binti mmoja aliyekuja kuzichukua akasoma namba kwa sauti, akanyamaza, akasoma tena. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimebadilishana. Tuliipiga ile namba. Akapokea bwana mmoja aliyekuwa shambani, mpole sana, ambaye hakuwa na haja ya kupikia harusi yoyote. Nilizichapa upya kwa pesa yangu.

Tangu siku hiyo namba siisomi, naipiga. Chukua sampuli, piga namba uliyoiona pale, tarakimu kwa tarakimu, usiitafute kwenye orodha ya simu yako. Isipoita mfukoni mwako, kuna kosa.

Sampuli iwe ya kitu chenyewe, kwenye kitambaa chenyewe. Tisheti ifue kwa maji moto na sabuni ya mche, uianike juani, uivute. Kalamu iandike ukurasa mzima kwenye kitabu cha risiti, kisha uiache kichwa chini usiku kucha. Ukikuta doa asubuhi, ndivyo mifuko ya wateja wako itakavyokuwa. Ukiridhika, weka sahihi na tarehe kwenye sampuli, na ibaki kwako hadi mzigo utakapofika.

Hatua ya saba: mchapaji na malipo

Omba bei kwa watu watatu, kwa maelezo yaleyale: uzito wa kitambaa, idadi, rangi ngapi, njia gani. Bila hivyo unalinganisha ng'ombe na mbuzi. Nairobi, maeneo ya River Road, inaweza kuwa nafuu kwa idadi kubwa. Kwa vipande chini ya 200 mimi ningechapa karibu, mahali ninapoweza kuingia kwa miguu nikalalamika. Najua nina maslahi hapo. Zichukue hesabu za nauli uone mwenyewe.

Arubuni nusu ni desturi. Yote kabla ya kazi, kataa. Andikianeni tarehe ya kumaliza, na nani anabeba hasara ya kilichoharibika. Uliza pia fremu na faili ni za nani baada ya kazi, kwa sababu ulizilipia na utazihitaji ukirudia.

Dai ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Tangu Januari 1, 2024, matumizi yasiyo na ankara hiyo KRA haiyakubali kuyatoa kwenye faida inayotozwa kodi, isipokuwa machache yaliyosamehewa. Ukiwa kwenye kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3, gharama hazikatwi kwa vyovyote, lakini bado unataka karatasi mkononi ugomvi ukizuka. Na kama wazo lako limekua kutoka zawadi hadi kupaka rangi kioski cha mtu au kubandika gari nembo, pita kwanza ofisi ya mapato ya kaunti. Kaunti hutoza ada za matangazo ya aina hiyo, na askari wake huona nembo haraka kuliko wateja.

Hatua ya nane: kugawa, na kuhesabu

Usimwage mzigo wote siku moja. Mpe mtu mkononi, kwa jina lake, ikiwezekana baada ya kununua. Mafungu matatu ya miezi mitatu hukupa nafasi ya kusahihisha. Agroveti igawe kabla ya mvua za Machi, wakati mtu anaamua mbegu atazinunua wapi, si baada ya kupanda. Wape wafanyakazi wako kwanza. Duka ambalo muuzaji wake ameandika risiti kwa kalamu ya mshindani linachekesha.

Kisha weka daftari kando ya kaunta. Kila mteja mpya ulizwe, "Umetujuaje?" na jibu lipigwe mstari mmoja: kalenda, rafiki, boda, redio. Haihitaji programu.

Mzee wa Kondele alifanya hivyo kwa njia yake. Kila fundi aliyeingia na mteja alipigiwa mstari, na miezi mitatu baadaye akarudi na daftari limekunjwa mfukoni. Wajenzi walikuwa wameongezeka. Maseremala kidogo. Waezekaji hata mmoja hakuwa amebadilika.

"Tepu za kwako wanazo," akasema. "Lakini nimewatazama juu ya paa. Hawapimi na tepu, wanapima kwa kamba. Na jua linawachoma shingo."

Tukatoa kofia zote za kwenye rafu, tukaziweka kwenye kaunta. Akawa anazivaa moja moja akiinamisha kichwa, kuona ni ipi inayofunika shingo.